Msaada ndani ya programu, pasipo na intaneti: nitumie zana gani?

FundiMkomani (Lamu), Jumapili saa 4:10 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Swali langu lina mkia mrefu, mnivumilie.

Nimeandika programu ya kupokelea samaki. Si kubwa: C# na WinForms (yaani ya madirisha ya Windows, si ya kivinjari), hifadhidata SQLite, skrini tisa tu. Iko kwenye vituo vinne vya kununua samaki, viwili hapa Amu na viwili upande wa Pate. Karani anaandika jina la nahodha, aina ya samaki, kilo, bei na barafu iliyochukuliwa kwa mkopo. Jioni "anafunga siku", na programu inamtolea hesabu ya kila chombo.

Programu yenyewe inakwenda. Kinachoniua ni simu.

Alhamisi iliyopita, muadhini hajamaliza adhana ya alfajiri, simu inalia. Karani wa Kizingitini, huko Pate. Ni mtu mzima, rika la babangu, namwita ami. "Mwanangu, siku imefungwa na samaki wako nde!" (Nde ni nje, kwa Kiamu.) Kumbe alifunga siku saa mbili usiku akidhani vyombo vimekwisha, halafu mashua mbili zikaingia usiku mkubwa na nguru na kolekole. Samaki wamo kwenye matenga, barafu inayeyuka, mabaharia wanataka karatasi zao wakalale, na skrini haimruhusu kuandika hata kilo moja. Njia ya kuifungua siku ipo. Iko kwenye menyu ya "Marekebisho", mstari wa nne. Nilimwelekeza kwa simu dakika ishirini. Nikisema "kushoto" ananiuliza, "Kushoto kwangu au kwake?"

Mtasema niandike kitabu cha maelezo. Niliandika mwaka jana. Kurasa 32, picha za rangi, nikachapisha nakala nne na kuzitia waya mgongoni. Nilipokwenda Kizingitini baada ya miezi mitatu nilikikuta kimekunjwa chini ya mguu wa mizani, kwa sababu sakafu ile si sawa na mizani ilikuwa ikicheza. Sikuwa na la kusema. Mizani ilikuwa imetulia kweli.

Kwa hivyo sasa nataka msaada uwe ndani ya programu yenyewe. Akiwa kwenye skrini ya kufunga siku akabonyeza F1, yafunguke maelezo ya kufunga siku, si jalada na dibaji na shukrani kwa wazazi.

Hali halisi ni hii. Laptopu mbili zina Windows 7, zilizobaki Windows 10. Intaneti ni ya simu, ukiinua mkono. Toleo jipya nalipeleka kwa flashi, nampa nahodha wa boti, na boti lenyewe linangoja maji yajae. Naandika peke yangu, sina bajeti, na kila kitu kitakuwa kwa Kiswahili.

Nimesoma habari za zana za kuandikia msaada, RoboHelp, Flare, Help+Manual, HelpNDoc, Sphinx, MkDocs, na CHM, lile faili la msaada la Windows, mpaka kichwa kinaniuma. Nani amewahi kuifanya kazi hii kwa mkono wake?

---

dev_casuarina (Malindi), Jumapili saa 4:32 usiku

CHM? Bado iko hai hiyo? Kaka, chukua MkDocs, andika kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache), yenyewe inayageuza kuwa tovuti, pandisha mtandaoni kwa GitHub Pages bure. Jioni moja umemaliza, tena inapendeza hata kwenye simu.

---

FundiMkomani, Jumapili saa 4:40 usiku

Itapendeza, na ami ataisomea wapi? Akitaka kuongea nami vizuri kwa simu inabidi atoke ofisini asimame karibu na gati.

---

dev_casuarina, Jumapili saa 4:44 usiku

Basi folda yote ya HTML iweke kwenye flashi, programu iifungue kwa kivinjari. Au tia WebView2, kivinjari cha Microsoft cha kupachika, ndani ya fomu, msaada uonekane humo humo. Bado usingehitaji kitu cha zama za Windows 98.

---

Bi_Tahariri (Malindi), Jumatatu saa 2:15 asubuhi

Waaleikum salaam FundiMkomani. Nimecheka kuhusu mizani, halafu nikaona aibu, kwa sababu mimi nimelipwa miaka sita kuandika vitabu vya namna hiyo. Nilikuwa Nairobi kwenye kampuni ya programu za hesabu za hoteli, sasa niko nyumbani Malindi na nafanya kazi hiyo hiyo kwa wateja wachache. Kwa hivyo hapa ninaongea kama mtu aliyekwisha kuungua.

Kwanza mdogo wangu dev_casuarina. Ukiitoa MkDocs kama ilivyo ukaitia kwenye flashi, mtu akibofya kiungo anaonyeshwa orodha ya mafaili badala ya ukurasa. Viungo vyake vimetengenezwa vielekee kwenye folda, na ni seva ndiyo inayojua kwamba ndani ya folda kuna index.html. Itakubidi uandike `use_directory_urls: false` kwenye faili la mipangilio, mkdocs.yml. Ukishafanya hivyo utagundua kisanduku cha kutafuta kimekufa, maana kivinjari hakiruhusu ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski usome faili la faharasa. Material for MkDocs, sura maarufu ya MkDocs, ina plagini ya kutatua hilo, lakini uijue kabla hujaahidi watu. Na WebView2 kwenye Windows 7 iliishia toleo la 109, mwanzoni mwa 2023. Laptopu mbili tayari ziko nje.

Zana za kununua nitazipita haraka. RoboHelp ya Adobe na Flare ya MadCap ni nzuri, nimezitumia zote mbili, ila zimetengenezwa kwa idara yenye waandishi kadhaa na bosi wa kulipia leseni. Help+Manual inamfaa mtu mmoja zaidi kuliko hizo, nayo ni ya kununua. HelpNDoc ina toleo la bure, lakini ni bure kwa matumizi binafsi tu. Wewe vituo vinakulipa, kwa hivyo usijidanganye.

Sasa CHM. Ndiyo, ni mzee. Ule msaada wa zamani zaidi, wenye mafaili ya .hlp, ulikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na tangu Windows Vista msomaji wake, yaani programu ya kuyafungua, hayumo tena, kwa hivyo ukikutana na somo linalotaja .hlp lipite tu. CHM ilifuata mwaka 1997, na msomaji wake bado yumo ndani ya Windows 7, 10 na hata 11. Ni faili moja. Ndani yake mna kurasa za HTML, yaliyomo, faharasa na utafutaji. Huhitaji seva, huhitaji kusakinisha chochote kwenye laptopu ya mzee wako. Kwa mtu anayetuma kazi kwa boti, faili moja ni neema. Folda ya mafaili mia mbili siku moja itafika ikiwa na mia moja na tisini.

Ila ina visirani vyake, na hakuna aliyeniambia mapema.

Usiifungue kutoka kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi. Yaliyomo yataonekana kushoto vizuri, upande wa kulia ujumbe tu kwamba ukurasa haukufunguka. Microsoft waliifunga njia hiyo mwaka 2005 kwa sababu za usalama, kwani CHM inaweza kubeba skripti na watu walikuwa wakiitumia kwa uovu. Mimi hili nililijua mbele ya mteja. Hoteli ilikuwa na kompyuta nane za mapokezi, sisi tukaweka faili moja kwenye seva ili "iwe rahisi kusasisha", na siku ya mafunzo meneja akabonyeza F1 mbele ya wafanyakazi wote. Kweupe. Akabonyeza tena. Kweupe. Mkuu wangu alinitazama kama kwamba mimi ndiye Microsoft. Nakili faili kwenye kila mashine, pamoja na programu.

Kisirani cha pili kinatoa dalili ile ile, kwa hivyo utavichanganya. Faili lililopakuliwa kwa kivinjari au kutoka kwenye barua pepe hubandikwa alama isiyoonekana kwamba limetoka nje, na CHM yenye alama hiyo haionyeshi kurasa zake. Dawa yake ni kubofya kulia, Properties, kisha Unblock. Alama hiyo hukaa kwenye diski za NTFS, mpangilio wa kawaida wa diski za Windows. Flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, haziwezi kuibeba. Maana yake faili litakalosafiri na nahodha litafunguka, na lile lile ulilolituma kwa barua pepe litagoma, na utapoteza siku nzima ukitafuta tofauti.

Kuhusu kuandika: usiandike moja kwa moja ndani ya HTML Help Workshop, zana ya Microsoft ya kutengenezea CHM, utalia. Tumia Sphinx. Ni ile iliyoandikwa na Georg Brandl mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya Python. Unaandika mafaili ya maandishi matupu, halafu `make htmlhelp` inakutolea mradi ulio tayari kwa kukompailiwa, yaani kugeuzwa, kuwa CHM. Mafaili yale yale, ukisema `make html`, yanakupa tovuti. Siku intaneti ya Kizingitini ikitengemaa huandiki upya hata sentensi.

Na hapa kuna jambo la lugha yetu ambalo sijaona likitajwa kwenye ulinganisho wowote wa zana hizi. Kiswahili kinaongezea maneno mbele. Mtu anatafuta "futa", ukurasa umeandika "kufuta", "imefutwa", "ukifuta". Utafutaji mwingi hulinganisha neno kuanzia herufi ya kwanza, kwa hivyo haupati kitu. HTML ya Sphinx, neno lisipopatikana kamili, hulitafuta hata katikati ya maneno mengine, na "futa" inaipata "kufuta". Kwa CHM usiutegemee utafutaji, tegemea faharasa. Hiyo unaiandika mwenyewe kwa mkono, kila ukurasa unaupa maneno yote ambayo mtu angelianza nayo. Ni kazi ya kuchosha. Ndiyo kazi yenyewe lakini.

Upande wa C# ni rahisi mno. Buruta HelpProvider, kipande cha WinForms cha kuunganisha F1 na msaada, kwenye fomu, HelpNamespace iwe njia ya faili lako la CHM, na kila kisanduku mpe HelpKeyword yake, mathalani "kufunga-siku.html", na HelpNavigator iwe Topic. F1 inafanya kazi kuanzia hapo. Ukurasa mmoja kwa kila jambo, usitegemee kuruka katikati ya ukurasa mrefu. Siku ukihamia HTML ya kawaida, Windows ikifungua faili la diski kwa kivinjari huwa inakikata kile kipande kinachoanza na alama ya #, na mtu anatua juu kabisa ya ukurasa.

Swali moja: kwa nini kufungua siku kumefichwa kwenye Marekebisho?

---

FundiMkomani, Jumatatu saa 7:05 mchana

Dada, Mungu akuweke. Hii ningelilipia.

Kilifichwa makusudi. Tajiri mmoja alisema makarani wakiona kitufe cha kufungua siku watachezea hesabu. Nikakificha.

---

Mzee_wa_Ghala (Lamu), Jumatatu saa 11:20 jioni

Mimi si fundi wa mitambo, msinicheke. Nimekuwa karani wa ghala miaka thelathini na moja, mwisho wake nikaletewa kompyuta, na nikastaafu nayo. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya kwa sababu ya lile neno "nde".

Mwanangu FundiMkomani, nina maneno mawili.

La kwanza. Katika kitabu chako, ukurasa wa kufungua siku uliuita nani? Nakisia. Uliuita "Kurejesha Kipindi Kilichofungwa" au kitu cha sampuli hiyo. Programu niliyoletewa mimi ilikuwa na msaada wa Kiswahili kabisa, na mtu aliyeuandika alikuwa msomi, alijua tarakilishi na kiolesura na menyu kunjuzi. Sikupata kitu hata siku moja. Mimi nilikuwa nikitafuta "gunia limeandikwa mara mbili". Yeye aliandika "Urudufu wa Ingizo". Tulikuwa tukitafutana usiku na mchana kama watu wawili wanaozunguka nguzo moja. Sisemi maneno yale ni mabaya. Nakumbuka mwaka 2004 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, nilifurahi sana kuona "Hifadhi" na "Fungua" kwenye skrini, na maneno mengine mengi ya siku hizi yametokana na juhudi za watu kama wale. Lakini mtu mwenye samaki nje hatafuti neno la kamusi. Atatafuta "siku imefungwa". Au atatafuta "mashua imechelewa". Siku yenyewe haimshughulishi, linalomshughulisha ni mashua.

Kaa chini uandike kila neno ambalo huyo karani hukwambia kwa simu, kama alivyolisema, kwa Kiamu chake, usimsahihishe. Kisha hayo ndiyo uyatie kwenye hiyo faharasa aliyoitaja binti yangu hapo juu.

La pili. Umesema skrini haimruhusu kuandika. Je, inamwambia nini inapomkataza? Kwa sababu mtu akigonga mlango, kabla ya kumpa ramani ya mji, mwambie tu mwenyewe yuko nyumba ya pili.

---

FundiMkomani, Jumatatu saa 12:02 jioni

Shikamoo mzee. Ukurasa uliitwa "Urejeshaji wa Siku Iliyofungwa". Umenivua nguo hadharani.

Na ujumbe wake ni "Operesheni hairuhusiwi." Basi.

---

Mzee_wa_Ghala, Jumatatu saa 12:10 jioni

Marahaba mwanangu. "Operesheni" ni ya hospitali.

---

msanidi_tu, Jumanne saa 9:30 alasiri

Mbona hamjataja Driver.js? Unaweka vidokezo vinavyomwongoza mtu hatua kwa hatua juu ya skrini yenyewe, kitufe kinawaka, anafuata. Leseni MIT, huru hata kwa biashara. Intro.js pia ipo ila kwa biashara lazima ununue leseni au ukubali AGPL, inayokutaka utoe wazi msimbo wako.

---

Bi_Tahariri, Jumanne saa 10:05 alasiri

Nzuri, kwa programu ya kwenye kivinjari. Yake ni WinForms. Na vidokezo vya aina hiyo mtu huvifunga siku ya kwanza bila kuvisoma, halafu siku ya arobaini, anapovihitaji, havimo.

---

FundiMkomani, wiki tatu baadaye, Jumamosi saa 3:20 usiku

Narudi na ripoti, maana wengi huuliza hapa wakapotea.

Nilimsikiliza mzee kwanza. Kabla ya kugusa Sphinx nilichukua daftari la shule, na kila simu ikiingia naandika sentensi ya kwanza ya mpigaji neno kwa neno. Siku kumi, simu kumi na tisa. Kumi na moja zilikuwa ni siku iliyofungwa, kwa sura mbalimbali: "siku imefungwa", "haandikiki", "imekataa kilo", "imeniambia ya hospitali" (huyu namshuku amesoma mazungumzo haya). Nne zilikuwa za barafu. Tatu za nahodha aliyeandikwa mara mbili, mara kwa jina lake na mara kwa jina la chombo. Moja ilikuwa laptopu haijachomekwa kwenye umeme.

Kwa hivyo kurasa 32 zimekuwa kurasa 14 fupi. Ule wa kufungua siku una hatua nne na picha moja, na kichwa chake ni "Mashua imechelewa na siku imefungwa". Kwenye faharasa ukurasa huo una maneno kumi na mawili, likiwemo "nde". Sphinx ina amri yake ya `index`, unaiandika juu ya ukurasa na maneno yanakwenda yenyewe kwenye faharasa ya CHM.

Kitufe nimekitoa Marekebisho nikakileta kwenye skrini ya kufunga siku, na kila anayefungua siku jina lake na saa vinaandikwa. Tajiri aliridhika na hilo kuliko kuficha.

Ujumbe nao nimeubadilisha. Sasa unasema: "Siku ya leo imeshafungwa na fulani, saa fulani. Kama kuna chombo kimechelewa, bonyeza F1." Nilitaka kutumia MessageBox, kisanduku cha ujumbe cha Windows, ambayo ukiipa njia ya faili la msaada inajiongezea kitufe chake cha msaada, lakini kitufe hicho hufuata lugha ya Windows na kinatokea kimeandikwa Help. Nikatengeneza fomu yangu ndogo, kitufe kinasema "Nionyeshe".

Yaliyonipiga chenga, kwa atakayekuja nyuma yangu:

Nilitengeneza skripti ya kukompaili na kunakili kwa pamoja, ikawa inakufa katikati bila sababu. Kumbe hhc.exe, ile programu inayokompaili CHM, ikifaulu hurudisha 1 na ikishindwa hurudisha 0, kinyume na dunia nzima. Skripti ilikuwa ikiona ushindi inadhani ni msiba.

Pili ni "ng'onda". Tuna bei tofauti ya samaki mbichi na ng'onda, na ukurasa wake nilikuwa nimeuandika zamani kwenye Word, nikaunakili. Faharasa ilionyesha ng'onda, lakini nikiandika mwenyewe kwa kibodi hainipeleki popote. Nikatazama kwa karibu sana, mpaka nikaikuza herufi: Word ilikuwa imegeuza kile kikoma cha juu kikapinda, na kibodi inatoa kilichonyooka. Kwa macho ni neno moja, kwa mashine ni mawili. Kwa lugha yenye ng'ombe na ng'ambo hili si dogo. Nimepitisha badilisha-yote kwenye mafaili yote kumi na manne.

Tatu, Kizingitini penyewe. Nilikwenda mwenyewe safari hii, sikutuma flashi. Vituo vitatu vimeshafanya kazi bila shida, cha nne F1 haifungui kitu. Si kweupe alichotueleza dada, hakuna dirisha kabisa. Nikaondoa alama, nikanakili upya, nikaanza kutokwa na jasho na ami ananitazama. Mwisho nikaona programu imewekwa ndani ya folda ambayo kijana wake aliipa jina "KAZI #1". Msomaji wa CHM akikutana na # kwenye njia ya faili hajui aende wapi. Nikaita "KAZI 1", ikafunguka. Dada, hicho ni kisirani cha tatu, kiongeze kwenye orodha yako.

Nikamwambia ami ajaribu peke yake, nami nikatoka nje kabisa, nikakaa na wachuuzi. Nikamsikia akisoma kwa sauti, hatua ya kwanza, hatua ya pili. Kimya. Halafu akaniita: "Hii picha kioo chake si changu." Alikuwa sahihi, nilipiga picha kwenye laptopu yangu yenye skrini ya rangi nyeusi, yake ni nyeupe, na yeye alikuwa akitafuta kitufe cheusi. Nimezipiga picha zote upya.

Tangu hapo amenipigia mara moja, na si kwa sababu amekwama. Anataka ukurasa ule wa mashua iliyochelewa autoe kwenye karatasi aubandike ukutani karibu na mizani, kwa ajili ya kijana anayeshika zamu ya usiku. Nimejaribu kuchapisha, yametoka na mstari wa viungo juu na chini, na picha imekatwa nusu. Kuna namna?

---

Bi_Tahariri, Jumamosi saa 3:51 usiku

Hiyo # sikuwa naijua, naapa. Nimeiandika.

Ongeza faili la CSS lako, lile la kupanga sura ya kurasa, kwenye Sphinx, kupitia `html_css_files`, na ndani yake uandike sehemu ya `@media print`: vile vipande vya viungo vipe `display: none`, na picha zipe `max-width: 100%` pamoja na `page-break-inside: avoid`. Kisha kwenye dirisha la msaada abonyeze Print, achague ukurasa alioufungua tu, asichague pamoja na vilivyo chini yake, la sivyo zitatoka zote kumi na nne. Na herufi zikuze mpaka mtu azisome akiwa amesimama kwenye mizani, si akiwa ameinama. Ukimaliza nitumie nakala niione.

---

Mzee_wa_Ghala, Jumapili saa 1:15 asubuhi

Mwambie asitumie gundi ya karatasi, kwa chumvi ya pale haitamaliza wiki. Misumari midogo minne, na atie ndani ya nailoni kwanza.